Pampu moja, vijiti vya watoto saba

Nchini Marekani, pampu ya insulini inauzwa takribani dola 5,000 kwa asiye na bima. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 650,000, kabla ya nauli na ushuru. Mzazi wa Nakuru mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza huanza kudunduliza akiwa na hesabu hiyo kichwani. Kumbe hiyo ni nusu tu ya gharama.

Pampu yenyewe ni kidude cha kuenea kiganjani, huvaliwa kiunoni. Ndani mna insulini ya mililita 3, yaani yuniti 300. Mpira mwembamba hutoka humo hadi kwenye kimrija laini kilichochomekwa chini ya ngozi ya tumbo, na dawa huingia kidogo kidogo usiku na mchana. Mtoto akitaka kula, anabonyeza kuongeza dozi. Sindano nne au tano za kila siku zinakwisha. Simlaumu mzazi anayeitamani.

Ila mpira na kimrija hubadilishwa kila siku 2 au 3. Hata kwa siku 3, mwaka unamaliza seti 122. Tukikadiria dola 10 kwa seti, ni shilingi 158,600. Dhamana ya pampu mara nyingi ni miaka 4, kwa hiyo mashine yenyewe inakula 162,500 kwa mwaka. Jumla 321,100, karibu 26,800 kila mwezi, na insulini bado hujanunua. Baada ya nyongeza ya Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa shamba asiye na ujuzi ulikuwa takribani shilingi 8,000 kwa mwezi. Molo, Njoro na Subukia, familia nyingi zinaishi kwa vibarua vya namna hiyo.

Uingereza, serikali ndiyo inayolipa, na bado watu wanasubiri: pampu zinazojirekebisha kwa kufuata kipima sukari ziliidhinishwa Desemba 2023, na kuzisambaza kukapangiwa miaka 5. Huko kuna foleni, na jina lako limo. Hapa kwetu mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa na kampuni ya Novo Nordisk mwaka 2009, huwapa watoto na vijana insulini, vifaa vya kupimia na mafunzo. Pampu haimo.

Sasa tazama vijiti vya kupimia sukari. Kupima mara 4 kwa siku ni vijiti 1,460 kwa mwaka. Kopo la vijiti 50 likiwa shilingi 1,500, mtoto anahitaji 43,800. Fedha za pampu moja kwa mwaka zinatosha vijiti vya watoto saba. Ndiyo maana naona kaunti ianze na vijiti: bila kupima, hata pampu inafanya kazi gizani.

Na kwa aliyefanikiwa kuipata, kuna hatari ambayo muuzaji huitaja haraka haraka. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Mpira ukijikunja usiku, mwili unabaki bila akiba, na baada ya saa chache tu asidi ya ketoni inaweza kuanza kujaa kwenye damu. Anayekaa Marigat yuko takribani kilomita 100 kutoka Nakuru mjini. Nyumbani kwake lazima pawe na sindano, kichupa cha insulini kilichohifadhiwa mahali penye ubaridi, na mtu mzima anayejua dozi.