Tetea wa Kuazimwa

Kila Desemba mzaha ni uleule: Mluhya akisikia harufu ya ingokho, yaani kuku, husahau safari yake. Nimeusikia jijini kwa miaka mingi, na bado unaniuma, kwa maana wanaotucheka humwona kuku akiwa tayari sahanini.

Kwetu, pande za Kakamega, bibi harusi mpya hakuachwa na mji usio na kuku. Jirani alimwazima tetea mmoja. Tetea huyo alitaga mayai 12 hadi 15, akayaatamia siku 21 jikoni, karibu na joto la mafiga. Vifaranga walionusurika mwewe wakikua, waligawanywa: nusu kwa mwenye tetea, nusu kwa mlezi. Hapakuwa na hati wala shahidi. Baadaye mlezi naye alimwazima mwingine. Kwa mwendo huo damu ya kuku mmoja ilienea kijiji kizima, na njaa ya kabla ya mavuno ilipobisha, kila mji ulikuwa na mayai ya kupeleka sokoni na kurudi na unga.

Ndiyo maana kumchinja kuku kulikuwa na uzito. Imondo, yaani firigisi, iliwekewa mwenye mji au mgeni wa heshima. Mkwe aliyeandaliwa kuku bila imondo alijua ametukanwa. Kuhusu mwiko uliowanyima wanawake kuku na mayai, na ufe kabisa.

Ninacholilia ni kuazimana. Siku hizi vifaranga huja ndani ya boksi, wa siku moja, kutoka kwenye mashine. Wanakua upesi, sikatai, lakini wengi wao hawaatamii. Asiyeatamia humwazimi mtu. Kila msimu unarudi dukani na pesa, na asiye nazo anabaki kutazama ua wa jirani.

Wanasema kienyeji hafai kwa kuwa ugonjwa wa kideri humfagia. Kideri kina chanjo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Lakini chupa moja huchanja kuku wengi, na ikishachanganywa haihifadhiwi. Mwenye kuku wanane ataimalizia wapi, kama si kwa jirani? Changeni, mchanje asubuhi moja, mji hadi mji. Na mtakapofika kwa yule asiye na kuku, msimpite. Mwachieni tetea.