Nenosiri moja, makarani watano: nani ataulizwa maziwa yakipungua?

Mkulima anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika siku hizi hupokea arafa katika simu yake: kilo alizopeleka asubuhi, jumla ya mwezi, na pengine deni la chakula cha ng'ombe litakalokatwa. Kwa wengi, arafa hiyo imechukua nafasi ya kadi iliyoandikwa kwa kalamu na kulowana kila mvua iliponyesha. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo, kati ya mizani ya kielektroniki na arafa hiyo kuna mlango ambao ni wakulima wachache huuliza habari zake. Mlango huo ni akaunti ambayo mizani hutumia kuingia katika programu ya hesabu ya chama.

Akaunti hiyo ni ya nani? Nani anajua nenosiri lake? Haya ni maswali ya mkutano mkuu wa mwaka, sawa na yale ya bei ya lita na gharama ya usafiri, kwa kuwa malipo ya mwezi hutokana na yale ambayo akaunti hiyo imeandika.

Mlango wa watu, mlango wa mashine

Vyama na biashara za wastani vimeanza kutumia huduma za ofisi za mtandaoni, kama zile za Google na Microsoft. Huko mfanyakazi hupewa jina moja na nenosiri moja. Akishaingia asubuhi, hufunguliwa baruapepe, daftari la hesabu na orodha ya wakulima bila kuulizwa tena. Mafundi wa kompyuta huuita utaratibu huu kuingia mara moja. Juu ya nenosiri, mfumo humtumia mhusika nambari za kuthibitisha katika simu yake, ili mwizi aliyeiba nenosiri pekee asiweze kuingia. Faida nyingine ni kwamba karani akiacha kazi, meneja hufunga jina moja tu na milango yote hufungwa kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba utaratibu huu ulitengenezewa binadamu mwenye simu mfukoni. Mizani iliyo kwenye kituo cha kukusanyia maziwa haina simu. Kompyuta inayotuma ripoti saa sita usiku haiwezi kusoma nambari na kuziandika. Zamani vifaa hivyo vilipewa jina na nenosiri, vikaendelea na kazi. Njia hiyo imekuwa ikizibwa. Google iliacha kukubali programu zinazoingia kwa jina na nenosiri pekee katika akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft nayo ilianza kuzima njia kama hiyo katika baruapepe zake za ofisi tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. Vifaa vya zamani vilivyotegemea njia hiyo havikuweza tena kutuma kitu hadi vilipotafutiwa njia nyingine.

Hapo ndipo njia za mkato huzaliwa. Ya kwanza ni karani kuiwekea mizani akaunti yake mwenyewe. Google, kwa mfano, humruhusu mtu aliyewasha uthibitisho wa simu kutengeneza nenosiri la pembeni lenye herufi 16, ambalo kifaa hulitumia bila kuulizwa nambari. Linafanya kazi vizuri, lakini lina sharti ambalo wengi hawalijui: mwenye akaunti akibadilisha nenosiri lake kuu, yale ya pembeni hufutwa. Karani mwangalifu anayebadilisha nenosiri Ijumaa jioni anaweza kukuta Jumamosi hakuna hata kilo moja iliyofika ofisini. Akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, mizani hufungiwa nje pamoja naye. Ikitokea hivyo tarehe za mwisho wa mwezi, orodha ya malipo huchelewa, na mkulima aliyeahidi shule karo hana la kumwambia mwalimu.

Njia ya pili ni kufungua akaunti moja iitwayo "ofisi", kuiondolea uthibitisho wa simu, na kumpa kila mtu nenosiri lake. Makarani watano wanalijua, meneja analijua, fundi aliyekuja kurekebisha printa analijua, na aliyeacha kazi mwaka juzi bado analikumbuka. Mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kalenda ya duka la pembejeo.

Ikumbukwe kwamba akaunti ya pamoja si kosa yenyewe. Kifaa kisicho na simu kinahitaji akaunti yake ya huduma, na chama kinachong'ang'ania kila kitu kipite kwenye jina la mtu kinajitafutia balaa lile la Jumamosi. Kosa huanza pale watu wanapotumia ufunguo wa mashine kufanya kazi zao wenyewe.

Kisa cha Oldsmar

Tarehe 5 Februari 2021, katika mtambo wa kusafisha maji wa mji wa Oldsmar, jimbo la Florida nchini Marekani, mhudumu aliona kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe kwenye skrini. Kiwango cha sodium hydroxide, kemikali kali inayotiwa majini kwa kipimo kidogo ili kupunguza asidi, kilipandishwa kutoka sehemu 100 kwa kila milioni hadi 11,100. Mhudumu alikirudisha papo hapo na hakuna aliyedhurika. Mkuu wa polisi wa eneo hilo alitangaza kwamba mtambo ulikuwa umevamiwa kupitia mtandao, na habari zikaenea duniani kote. Ilani iliyotolewa baadaye kwa wasimamizi wa maji ilisema kompyuta za mtambo huo zilikuwa zikitumia nenosiri moja la kuingia kutoka mbali.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2023, aliyekuwa meneja wa mji huo, Al Braithwaite, alisema kwamba hakukuwa na mvamizi, na kwamba huenda ni mfanyakazi aliyekosea. Shirika la upelelezi la FBI nalo lilisema halikuweza kuthibitisha kwamba mtambo ulilengwa na wavamizi. Hilo la pili ndilo linalowahusu wakulima. Mtambo wa nchi tajiri, wenye wapelelezi wa kila aina, ulifikia hatua ya kutojua kama aliyegusa kemikali ni adui wa mbali au ni mtu wa ndani. Watu wengi wanapoingia kwa nenosiri moja, kompyuta hukumbuka kwamba "ofisi" iliingia. Haikumbuki mkono wa nani.

Sasa lihamishe jambo hilo hadi kwenye maziwa. Mkulima alipeleka kilo 18, rekodi inasoma 13. Akilalamika, meneja hufungua mfumo na kukuta kwamba rekodi ilibadilishwa saa nne usiku na "ofisi". Makarani wote watano hukana, na wanne kati yao wanasema kweli. Wasio na hatia hushukiwa pamoja na mwenye hatia, na kwa kawaida anayefukuzwa ni yule asiye na jamaa kwenye kamati.

Hesabu ya bei rahisi

Vyama vingi hushiriki akaunti kwa sababu ya gharama. Programu nyingi za hesabu hutozwa kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Chukua mfano wa chama kinachotozwa Sh1,000 kwa kila jina. Makarani watano ni Sh5,000, jina moja ni Sh1,000, kwa hivyo chama kinaokoa Sh4,000 kila mwezi. Chama hichohicho kikipokea kilo 3,000 kwa siku kwa bei ya Sh45, maziwa yake ni ya Sh135,000 kwa siku. Mtu akipunguza rekodi kwa asilimia moja tu na kuzihamishia kwenye jina la shemeji yake, ni Sh1,350 kwa siku, au Sh40,500 kwa mwezi wa siku 30. Akiba ya Sh4,000 imeuzwa kwa hasara mara kumi. Si lazima wizi utokee kila mahali, lakini bima hulipwa kwa hesabu za namna hii hii.

Palipo na fedha taslimu, mambo ni mazito zaidi. Mabenki huwapa wateja wa kikundi mfumo ambapo mtu mmoja huandaa malipo na mwingine huyaidhinisha. Ni saini mbili za hundi, zilizohamishiwa kwenye kompyuta. Lakini mwenyekiti anaishi mbali na ofisi, mwekahazina hapendi mambo ya kompyuta, na wote wawili humwachia karani manenosiri yao "ili kazi isikwame". Siku hiyo saini mbili huwa moja, na wanachama hawaambiwi. Kwenye vitabu, malipo yataonekana yameandaliwa na mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Mkaguzi wa hesabu hataona dosari hadi fedha ziwe zimekwisha kwenda.

Hakuna sababu ya kiufundi ya kuvumilia jambo hilo. Mashine ya mizani haiwezi kushika simu, lakini mwenyekiti anaweza.

Ufunguo wa mizani ukae vipi

Akaunti ya huduma ipewe jina la kifaa, lisiwe la mtu wala la "ofisi". Vituo vitatu vya maziwa viwe na akaunti tatu, ili mizani moja ikiibwa ifungwe yenyewe huku nyingine zikiendelea kupima. Muhimu kuliko yote ni mipaka. Akaunti ya mizani iruhusiwe kuandika kilo mpya tu. Isiweze kufuta, isiweze kusahihisha rekodi ya jana, na isikaribie malipo kabisa. Kilo ikiwa imeandikwa vibaya, anayesahihisha aingie kwa jina lake mwenyewe, kwa njia ya kawaida, na simu yake imthibitishe. Anayeuzia chama programu aulizwe kama hayo yanawezekana kabla ya mkataba kutiwa saini. Akisema haiwezekani, itafutwe programu nyingine.

Nenosiri la kifaa liwe refu na la kubahatisha, kwa kuwa hakuna mtu atakayehitaji kulikariri. Liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa na watu wawili, na bahasha ikae kwenye sanduku la fedha. Kila inapofunguliwa, iandikwe kwenye kitabu: tarehe, saa, sababu. Kubadilisha kila mwezi si lazima; taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza ubadilishaji wa aina hiyo mwaka wa 2017, kwa kuwa watu huishia kuongeza tarakimu mwishoni mwa lile la zamani. Libadilishwe mara moja anayelijua anapoondoka, au bahasha inapokutwa imeguswa.

Akaunti isiyotumika ifungwe. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha mafuta mashariki mwa Marekani, ililazimika kusimamisha bomba lake kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kupitia akaunti moja ya zamani isiyodai uthibitisho wa pili. Ililipa fidia ya takriban dola milioni 4.4, ingawa serikali ya huko baadaye ilikomboa sehemu yake.

Mara moja kwa mwezi kamati itazame orodha ya walioingia. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu. Mizani hufanya kazi saa za kukama. Ikiwa imeingia saa nne usiku, mtu aeleze.

Mwenye duka naye

Mfanyabiashara mdogo anaweza kudhani haya hayamhusu, lakini akaunti yake ya kodi na ya eCitizen huenda ilifunguliwa na kijana wa saiba, kwa baruapepe ya kijana huyohuyo. Kwa vile eCitizen nayo ni mlango mmoja wa huduma nyingi za serikali ya Kenya, anayeshika baruapepe hiyo ameshika mengi. Nenosiri likisahaulika, kiungo cha kulibadilisha huenda kwa kijana, na saiba ikihama mwenye duka hubaki nje ya biashara yake mwenyewe. Njia ni kufungua baruapepe yake, hata kama ataisoma mara mbili kwa mwaka, na kuomba taarifa zake zibadilishwe wakati bado anaweza kuingia. Kwa malipo ya simu, msaidizi wa duka asajiliwe kama msaidizi pale mfumo unaporuhusu, badala ya kupewa nambari ya siri ya mwenye duka.

Mlango mmoja pia huweza kuzibwa kwa wote. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni na huduma zikatatizika, wiki chache tu baada ya serikali kutangaza kuwa imeweka huko huduma zaidi ya 5,000. Chama kinachotegemea kuingia mara moja kinahitaji akaunti moja ya dharura isiyopitia mlango huo, na bahasha yake ikae kando ya ile ya mizani. Kinahitaji pia daftari la karatasi kwenye kila kituo, kwa kuwa ng'ombe hukamwa hata mtandao ukianguka.

Kwa upande wa sheria, ile ya Kenya ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni huhesabu kumpa mtu nenosiri bila idhini kuwa kosa. Ile ya ulinzi wa data ya 2019 nayo humtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na orodha ya wakulima yenye nambari za vitambulisho na za simu ni taarifa za namna hiyo. Kamati ambayo karani wake ameondoka wiki hii ina kazi ya kufanya kabla ya maziwa ya kesho kufika.