Jina, Alama na Jaribu: Usawiri wa Mhusika Akumbukwaye katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, istilahi hizo zimezoeleka mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba aghalabu hutumiwa kama mizani ya thamani: mhusika duara husifiwa, bapa hulaumiwa. Kwa mizani hiyo, riwaya zilizochipuka katika ngano na hekaya huonekana kuwa na upungufu tangu mwanzo. Makala haya yanadai kuwa mhusika hakumbukwi kwa wingi wa sifa zake, bali kwa jinsi alama aliyopewa inavyotiwa katika majaribu.

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anatumia majina ya majazi. Majivuno ni mshitaki. Karama ni mshitakiwa. Msomaji haonyeshwi undani wa nafsi zao, kwani majina yamekwisha kutaja tabia. Hata hivyo Karama hasahauliki, kwa kuwa jina lake linapelekwa barazani lithibitishwe. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliosafiri mbali, wakarejea na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Kila kisa kinaongeza uzito wa hatari inayomkabili yeye mwenyewe. Ubapa wake, basi, ni sharti la istiara ya kazi nzima.

Muhammad Said Abdulla alifuata njia nyingine katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa habadiliki toka riwaya moja hadi nyingine; hutambulika kwa kiko chake na utulivu wake wa kufikiri. Alama hizo zisingetosha pasipo Najum, sahibu yake, ambaye huyaona yale yale ayaonayo Bwana Msa asiweze kuyaunganisha. Kwa tofauti hiyo, kila kidokezo kinapojitokeza, akili ya Bwana Msa hupimwa upya mbele ya msomaji.

Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), anaipindua kaida ya majazi. Jina la riwaya ni mojawapo ya majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Maria, nayo maisha ya Rosa yanakinzana nalo. Zakaria, baba mlevi, humchunga bintiye kwa ukali na vipigo. Rosa anapokwenda kusoma, mbali na jicho la baba, hana uzoefu wa kuyakabili mahusiano na wanaume. Anguko lake, hadi kujiua, linatokana na malezi yaliyodhaniwa kumlinda. Rosa ni mhusika duara, lakini mabadiliko pekee yasingemfanya akumbukwe. Kinachomkaza akilini ni kwamba kila hatua ina chanzo katika ile iliyotangulia.

Mifano hii mitatu inaonyesha kuwa ubapa na uduara ni mbinu za usawiri, wala si madaraja ya ubora. Mhakiki anapaswa kuuliza kwanza kazi inamtaka mhusika afanye nini, kisha kama alama yake imejaribiwa ipasavyo. Mwandishi chipukizi naye hana budi kutambua kwamba orodha ndefu ya sifa, toka sura hadi mavazi, haimhuishi mhusika ambaye hakuna kinachomlazimu kuchagua, kujitetea au kulipa gharama ya tabia yake.