Ziwa Walden ni Amana

Mali ya umma hulindwa kwa hati na kwa macho ya wananchi. Sifa peke yake hazitoshi. Ushahidi ni Ziwa Walden, lililomo msituni Concord, katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Ziwa hilo lilitokana na bonge la barafu lililoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Haliingiwi na mto wala halitoi mto. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka ardhini yakiwa yamechujwa na mchanga, ndiyo maana ni maangavu. Kina chake chafikia mita 31 hivi.

Mwandishi Henry David Thoreau alijenga kibanda hapo, akakaa tangu Julai 1845 hadi Septemba 1847. Baadhi ya watu walisadiki kuwa ziwa halina chini. Yeye akashusha kamba yenye jiwe, akalipima. Kitabu chake, *Walden*, kilitoka mwaka 1854, nalo ziwa likapata jina duniani.

Hata hivyo, mwaka 1957 maofisa wa eneo hilo walianza kukata miti ili kupanua pwani ya waogaji. Wananchi wakashika hati ya mwaka 1922, ambayo kwayo wenye ardhi waliikabidhi serikali kwa sharti la kuihifadhi. Mwaka 1960 mahakama ikawapa haki.

Nasi wa visiwani, ambao maji yetu ya kunywa hutoka ardhini, tuiandikie hati misitu ya chemchemi zetu. Na kila ofisa akumbuke kwamba yeye ni mwekewa amana, si mwenye mali.