Nambale Ilikuwa Uganda, Ulijua?

Chemsha bongo ya leo: mwaka 1901 Nambale ilikuwa nchi gani? Ukisema Kenya, umekosa. Ilikuwa Uganda, Mkoa wa Mashariki, uliofika hadi Naivasha. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka huohuo, ilikuwa imeingia Uganda. Jina Reli ya Uganda halikuwa mzaha.

Mwaka 1902 Waingereza wakausogeza mpaka. Februari 1976 Idi Amin akadai ardhi hiyo irudi. Kenya ikakataa katakata.

Leo Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Kwa hivyo kwenye AFCON waliyopewa Kenya, Uganda na Tanzania, ukimwona msee wa Busia akishangilia Uganda Cranes, usimwite msaliti. Huenda anamshangilia binamu yake.