Jabari wa Ngumi Moja na Watazamaji Wake wa Unguja

Mtu akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya sala ya Isha, hakosi kuwaona vijana watatu au wanne wamekaa barazani, wameinamia simu moja, nao wanacheka hata machozi yanawatoka. Zamani tungalidhani yuko mzee anayewahadithia visa vya Abunuwasi. Leo wanatazama katuni ya Kijapani iitwayo One Punch Man, yaani Mtu wa Ngumi Moja. Tumewasikia wanaoisifu kupita kiasi, na tumewasikia wanaoilaani ambao hawajaiona. Basi tukaona yatupasa tuitazame wenyewe, kisha tukae na watazamaji tusikie wasemayo.

Kwa wasioijua, hadithi hii ilianza mwaka 2009. Aliyeitunga ni Mjapani ajiitaye ONE, ambaye mkono wake katika kuchora haukuwa hodari, naye akaiweka kwenye intaneti watu waisome. Mwaka 2012 mchoraji mwengine, Yusuke Murata, alianza kuichora upya kwa ufundi mkubwa, na Oktoba 2015 ikatoka katuni yenyewe ya kutazamwa, sehemu 12. Nyengine 12 zikafuata mwaka 2019, na fungu la tatu likaanza Oktoba 2025.

Jabari wake aitwa Saitama, kijana wa miaka 25, kipara, mwenye vazi la manjano na joho jeupe mgongoni. Alikuwa hana kazi. Siku moja, akirudi kutafuta kazi asiipate, alimwokoa mtoto mikononi mwa dude lililokuwa binadamu, lakini kwa kula kaa kupita kiasi limegeuka kaa! Tangu siku ile akajitia katika mazoezi kwa muda wa miaka mitatu: kila siku kujiinua kwa mikono mara 100, kuinua kiwiliwili mara 100, kuchuchumaa mara 100, na kukimbia kilomita 10. Nywele zikamdondoka zote, naye akapata nguvu hata ikawa kila adui humwangusha kwa ngumi moja tu. Na hapo ndipo ulipo msiba wake, maana ushindi usio na taabu haumpi ladha yoyote. Yumo vitani na jitu la kutisha, ghafula hukumbuka kuwa leo ni Jumamosi, siku ya bei nafuu dukani, naye keshachelewa. Basi huzuni yake yote ni hiyo. Na huyu asiyeshindwa na majitu, mbu mmoja ameingia chumbani kwake, akampiga na kumkosa, akampiga na kumkosa, hata akakasirika.

"Hilo la mbu ndilo lililonifanya niipende," alituambia kijana mmoja wa Kikwajuni. "Nani katika Unguja hii hajashindwa na mbu?"

Mwenzake, aliyemaliza chuo na bado anatembeza vyeti vyake maofisini, yeye alipendezwa na mtihani. Katika nchi ile ya hadithi kipo chama cha majabari, na mtu hahesabiwi kuwa jabari mpaka afanye mtihani wake. Saitama alipata alama zote za nguvu za mwili, lakini katika kuandika hakufua dafu. Jumla yake ikawa 71, na ya kufaulu ni 70. Akatupwa daraja la mwisho, na mwanafunzi wake Genos, kijana mwenye mwili wa chuma, akawekwa daraja la juu. "Mimi nilicheka," alisema kijana huyu, "kisha nikanyamaza." Hatukumwuliza zaidi.

Lakini si wote wanaoipenda. Binti mmoja wa Malindi, anayesoma skuli ya sekondari, alitwambia bila kupepesa macho kuwa wanawake katika katuni hii ni wachache, na baadhi yao wamechorwa nusu uchi pasipo haja yoyote ya hadithi. Wapo wengine ambao lawama yao ni ya ufundi: kwamba fungu la mwaka 2015 lilitengenezwa na nyumba ya Madhouse kwa mkono wa kuajabiwa, na mafungu yaliyofuata yalipewa nyumba nyengine, J.C.Staff, na yakapungua. Na katika fungu la 2025 picha husimama kama zilizobandikwa ukutani. Malalamiko hayo yalisikika hata huko Japani na Marekani, na sisi tulipotazama tuliyaona kuwa ya haki.

Mazungumzo yaliyotukaa moyoni ni ya maalim mmoja wa madrasa, ambaye aliitazama kwa sababu wanafunzi wake wakubwa walikuwa hawaachi kuitaja. Alikwenda kwao na hoja tayari: kwamba kumpa kiumbe nguvu zisizoshindwa, ijapokuwa kwa mchoro, ni kuwazoesha vijana kumsahau Mwenye nguvu. Mwanafunzi mmoja akamjibu, "Maalim, umesahau mbu?" Naye akacheka, maana alikuwa amewasomesha mwezi ule ule kisa cha Namrudi, mfalme aliyejiona hana mfano, na jinsi mdudu mdogo kama yule alivyommaliza. Akarudi nyumbani akaendelea kutazama, hata akafika sehemu ya Mfalme wa Kina cha Bahari.

Sehemu hiyo yataka maneno kidogo. Jitu latoka baharini siku ya mvua, nalo lawapiga majabari mmoja baada ya mmoja, hata likavunja pahala walipojificha raia. Hapo akatokea jabari wa daraja la chini, Mumen Rider, ambaye silaha yake ni baiskeli tu. Ajua kuwa hawezi kushinda. Akasimama vivyo hivyo mbele ya jitu, akapigwa, akainuka, akapigwa tena. Saitama akafika, akamdaka asianguke, kisha akalimaliza jitu kwa ngumi moja. Mara mtu mmoja katika wale waliookolewa akaanza kejeli: ikiwa huyu wa daraja la chini ameliua kwa pigo moja, basi wale walioshindwa walikuwa wa kazi gani? Saitama alipoona heshima ya wenziwe yaondoka, akajisingizia mwenyewe. Akasema kwa kicheko kuwa wao ndio waliolidhoofisha jitu, na yeye amekuja mwisho kujichukulia sifa bure. Nao watu wakamsadiki.

"Mimi nasomesha habari za riya miaka mingi," alisema maalim. "Nawaeleza ubora wa mwenye kutoa sadaka kwa siri, na wao huitikia kwa vichwa. Lakini hapa nilimwona mtu anaficha wema wake, na juu ya kuuficha anajitia aibu ili mwenziwe asivunjike. Nikawauliza wanafunzi: je, ningaliweza mimi? Hakujibu mtu." Kisha akaongeza upesi kuwa hamshauri mtoto mdogo kuitazama. Maneno hayo mawili hayapingani, na kwa nini hayapingani tulikuja kuona katika nyumba moja ya Jang'ombe.

Mama wa nyumba hiyo alimpa simu mwanawe wa miaka saba ili apate nafasi ya kupika. Mtoto akafungua katuni, na mama aliposikia sauti za katuni moyo ukatulia. Usiku ule mtoto aliamka akilia: ameona mwanamke mwenye umbo la mbu akiwafyonza watu na wanyama damu mpaka wakabaki ngozi kavu. "Nilidhani ni katuni," mama alitwambia kwa masikitiko, "na katuni ni ya watoto." Sisi hatukumlaumu, kwa kuwa sisi pia tulidhani hivyo. Walakini Wajapani huchora kwa kila umri: iko michoro ya watoto na iko ya watu wazima, na katuni hii kwao ilionyeshwa usiku wa manane, watoto wamelala. Ilipofika kwetu ndani ya simu, ile saa ya usiku haikuja nayo.

Jambo hili tulilipeleka kwa mzee mmoja tunayemzoea hapo Jaws Corner, pahala palipopata jina kwa filamu ya papa, na ambapo kahawa na habari havikatiki. Mzee huyu ni mtu wa senema. Alikuwa kijana ilipofunguliwa Majestic mwaka 1955, pahala pa ile Royal ya mwaka 1921 iliyoungua, na Sultana anaijua kabla haijaitwa Cine Afrique. Tukamwamkia, akaitikia, tukamweleza.

"Wanangu," akasema, "sisi tulirudishwa mlangoni. Mwenye mlango akikutazama uso, akiuona mdogo, hupiti, hata ukilia. Simu hii mlinzi wake nani?"

Tukamwambia ni mama aliye jikoni na baba aliye kazini.

"Basi nao wakae watazame," akasema. Tena akatutaka tumwonyeshe hicho kinachochekesha. Tukamwonyesha sehemu ya Mfalme wa Kina cha Bahari kwenye simu, naye akatazama kimya tangu mwanzo hata mwisho; kikombe chake kikapoa. Alipoturudishia simu hakumtaja Saitama hata kidogo.

"Na yule wa baiskeli," aliuliza, "alipona?"

Tukamwambia alipona.