Kuunga Nyimbo za Majeshi kwa Beni

Wasomaji wetu waliopata kusikia beni ya askari wajua ya kuwa kila jeshi lina wimbo wake. Leo twapenda kueleza jinsi nyimbo kama hizo zinavyoungwa zikawa kipande kimoja, nasi twatwaa mfano wa Marekani.

Nchi hiyo ina majeshi sita, nayo kwa cheo hufuatana hivi: Jeshi la Nchi Kavu, Marine, Manowari, Jeshi la Anga, Jeshi la Anga za Juu, na Walinzi wa Pwani. Mwenye kuunga aweza kuanza na jeshi la kwanza, au kulingojesha hadi mwisho kama mgeni wa heshima. Lakini kuliacha moja haifai kamwe. Sababu ni hii: mbele ya watu, beni ipigapo wimbo wa jeshi fulani, wazee waliotumika humo husimama, na watu huwapigia makofi. Wimbo wake ukirukwa, mzee hukaa kitini mpaka mwisho kana kwamba hakutumika. Kwa hiyo Jeshi la Anga za Juu, lililoundwa mwaka 2019, lilipopata wimbo wake mwaka 2022, vipande vya zamani vilihitaji kuongezwa.

Kazi yenyewe ina mambo matatu. Kwanza, itwaliwe sehemu ya wimbo ijulikanayo na wote, wala isipambwe hata ikafichika. Maana mzee ana nukta chache tu za kuitambua na kuinuka. Pili, nyimbo hazina do moja. Kati ya wimbo na wimbo hutiwa kiungo kifupi cha kuongoza masikio kwenye do mpya, na mwenye mkongojo naye hupata nafasi. Tatu, mapigo. Katika wimbo wa Jeshi la Anga, uliotungwa na Robert Crawford, kila pigo hugawanywa mara tatu. Katika ule wa Manowari, wa mwaka 1906, hugawanywa mara mbili. Basi ngoma kubwa ishike mwendo ule ule wa miguu, na ngoma ndogo ndiyo ibadili mgawanyo.

Walimu wenye beni, wakitaka kuunga nyimbo za shule au za vijiji, na wafuate njia hiyo. Ufundi ni mwema, lakini kabla ya kushika kalamu yapasa kuwahesabu wenye nyimbo, asisahauliwe hata mmoja.